Kiti cha Tano

Nilikuwa nimekasirika tangu asubuhi. Keki ya ghorofa nane, njiwa weupe kwenye kizimba, na binti yangu Darlène analetwa ukumbini pale mtaa wa Forest, hapa Brussels, ndani ya gari la kioo linalovutwa na farasi wawili, wakati kutoka kwetu, mtaa wa Saint-Gilles, ni mwendo wa tramu tu! Lakini mkwe wangu Mathieu ni Mwitaliano wa hapa Ubelgiji, na ukoo wake ulikubali harusi irekodiwe kwa kipindi cha televisheni kinachoshindanisha harusi za Kiitaliano kwa fahari.

Darlène alinishika mkono mlangoni.

“Maman, je t'en prie, nakuomba, leo usikasirike mbele ya caméra. Usinipatishe haya.”

Nikamwahidi.

Basi Laura, mtangazaji, alipopanga viti vitano mbele ya watu na kuniita nikae cha mwisho, nilikwenda kwa madaha. Kwetu Bukavu, mama wa bibi harusi akiwekewa kiti mbele, ni ili upande wa mume uje kumsalimia. Nilidhani hatimaye kuna mtu amewafunza adabu. Nikatengeneza kitenge changu, nikanyoosha shingo. Kumbe!

Viti vitatu vya kwanza walikaa shangazi zake Mathieu, cha nne Darlène. Mathieu akaletwa amefungwa kitambaa machoni. Laura akaeleza kwenye maikrofoni: bwana harusi atapapasa miguu ya wanawake watano, kisha aseme upi ni wa mke wake. Ukumbi mzima ukapiga kelele za furaha. Mimi nikaganda.

Kwetu mkwe hamgusi mama mkwe, hata mkono hampi. Mathieu alilijua hilo, nilimfundisha mwenyewe, na kwa miaka miwili alilishika kuliko vijana wetu wengi. Akiniletea chai, anaweka kikombe mezani, anarudi nyuma, ndipo nichukue. Nilimpenda kwa hilo. Sasa alikuwa anakuja kwa magoti na hakujua kwamba nipo.

Bienaimé, kaka wa marehemu mume wangu, ndiye aliyemwoza Darlène kama baba yake. Alipita nyuma ya viti, akaniinamia sikioni.

“Maman Darlène, ile mukono ikikugusa, mi ninabeba famille yote, tunaenda. Donc ndoa imeisha.”

Namfahamu Bienaimé. Hajawahi kusema neno akalirudisha.

Shangazi wa kwanza alicheka mpaka machozi. Wa pili akamkanyaga Mathieu vidole kwa utani. Alipofika kiti cha nne, mikono yake ilikawia kwenye miguu ya Darlène, akatabasamu. Nikaomba Mungu: sema ni yeye, maliza!

“C'est elle! Ndiye huyu!” akasema.

“Bado mmoja!” Laura akapaza sauti. “Sheria ni watano!”

Nikataka kuinuka. Laura akanikandamiza bega nisiondoke, “Restez, madame, c'est magnifique!”, eti inapendeza mno, na kamera ikashuka hadi magotini pangu. Nikisimama, namwaibisha mwanangu mbele ya nchi nzima. Nikikaa, nazika ndoa yake. Nikamwita Mathieu kwa jina, lakini muziki ulikuwa juu, hakunisikia. Mkono wake ulibakiza shibiri moja tu.

Ghafla giza jeupe likanifunika. Darlène alikuwa amesimama, amekusanya lile gauni lake kubwa lisilo na mwisho, na kunikalia mapajani. Lesi ikamwagika hadi sakafuni, ikafunika miguu yangu na viatu vyangu. Mkono wa Mathieu ukaangukia gauni, haukunigusa.

“Darlène? Encore? Wewe tena?”

Mathieu alicheka, lakini hakuna aliyecheka naye.

“Coupez! Kata!” Laura akawafokea wapiga picha. “Tunarudia!”

“Non,” Darlène akasema, mikono ya mumewe ameishika mbali nami. “Haturudilie. Tafuta mchezo ingine.”

Nikaisogeza lesi usoni pangu.

“Nilifikiri ulisahau desturi zetu,” nikamnong'oneza.

“Nilisahau, maman. Kweli nilisahau. Ni vile nilikuona unaogopa. Hata wakati tulikimbia Bukavu, sikukuonaka unaogopa.”

Nikamzungushia mikono kiunoni, yeye na lesi yake yote, nikamshikilia.