Mkanda Wangu wa Bluu

Jumapili, tarehe 14 Julai. Ukungu umefunika Njombe asubuhi hii, na umande umeganda kwenye nyasi.

Usiku wa jana niliota nimefika ukumbi wa parokia kutazama sinema ya zamani ya Afrika Magharibi, ile iliyokarabatiwa, ambayo kweli ilipangwa kuonyeshwa leo baada ya misa. Waigizaji wanaongea lugha yao. Kiswahili kimeandikwa chini. Jana mchana Mwalimu Mgaya wa ngumbaru, darasa la watu wazima ninakojifunza kusoma, aliniomba niwasomee kwa sauti bibi zetu wasiojua kusoma. Nilimjibu nitasali kwanza. Nilisali, nikalala.

Ndotoni, mlangoni pa ukumbi, mashine ya sinema inanisalimu.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina."

"Mkanda umekatika, mama. Lete wako."

"Huu ni wa gauni."

"Mkanda ni mkanda."

Naufungua, naipa. Nakaa nimeshika gauni kiunoni. Picha inaendelea vizuri, ila kila kitu ni cha bluu, hata mbuzi.

Mwanamke mwenye mzigo wa kuni anasimama katikati ya kitambaa cha sinema. Maneno yanatokea miguuni pake. Ukumbi sasa ni darasa letu la jioni, na bibi wote wananitazama mimi.

"Soma, mwanangu," anasema. "Siendelei mpaka usome, na kuni zenyewe mbichi."

Nasoma: "Fungueni... mlango... mimi... ndiye..." Neno la mwisho ni refu. Naliruka.

Naye anaruka, kuni kichwani, anabaki hewani.

"Umri huu unanirusha?"

"Nisamehe, mama."

"Ukiruka neno, na mimi naruka. Ndivyo walivyonikarabati."

Bibi Agnetha, jirani yangu, ananisukuma kwa kiwiko. "Mshushe, atavunjika kiuno!"

Nafanya ishara ya msalaba. Natamka silabi mojamoja: "M-li-ye-m-sa-ha-u."

Miguu yake inagusa chini. Mlango unafunguka, anaingia na kuni zake. Nikaamka.

Gauni la kanisani lilikuwa palepale msumarini. Mkanda wake ulikuwa na vitundu vya mraba pembeni, kama vya mkanda wa sinema, vimepangwa kutoka ncha hadi ncha. Jana havikuwepo.

Nikaufunga hivyohivyo, nikaenda misa. Mwalimu Mgaya alikuwa amesimama na bibi zetu mlangoni pa kanisa.

"Umeshasali?"

"Nimeshajibiwa, mwalimu. Nitasoma."

"Yale marefu utayaruka, nakujua," akasema Bibi Agnetha, na wenzake wakacheka.

Nikashika mkanda wangu, nikasema kwa sauti, wote wakisikia: "Mbele yenu na mbele ya Mungu, sitaruka hata moja."