Juma la Boga, Paka Mweusi na Kipande cha Mwisho

Jumatatu ya juma la mwisho la Oktoba, Lorna Skoglund alifika kazini akakuta juu ya ndoo yake ya kupigia deki kuna kalenda. Ilikuwa ile kalenda ya kuchana ya Bi Judith, ambayo kila karatasi ina sikukuu yake ya kuchekesha. Leo siku ya boga, kesho siku ya paka mweusi, keshokutwa siku ya chokoleti. Bi Judith ndiye aliyewachangamsha wazee wa Nyumba ya Halvik kwa sikukuu hizo, lakini Ijumaa alipanda ngazi kutundika majani ya karatasi, akashuka bila kutumia ngazi. Sasa mguu wake ulikuwa kwenye plasta.

"Wiki hii Judith ni wewe," alisema Renata, muuguzi mkuu.

"Mimi nafagia."

"Fagia huku unasherehekea, mpenzi. Nani atakukataza?"

Renata alikuwa amekuja Minnesota mwezi Julai kutoka New Jersey. Alikuwa na sauti ya kusimamisha teksi upande wa pili wa barabara, na moyo wa kuvua koti lake akakuvika. Aliinama sasa, sauti ikashuka.

"Halafu unifanyie jambo moja. Mchangamshe Orval. Hali chakula. Tangu Agosti amepungua ratili kumi na tisa. Wamempima damu, tumbo, koo, mpaka meno, hawaoni kitu. Jumamosi asubuhi tunampima tena. Akipungua hata nusu ratili, daktari anamhamishia mjini, kule wanakolisha watu kwa mrija."

"Na mkewe, Bi Ardis?"

"Ardis anakula kama mvunaji, hana sababu ya kuhama. Na kule hawana nafasi ya wawili."

Lorna aliichukua kalenda. Orval Tweten aliendesha basi la shule la Halvik miaka thelathini na moja. Madereva wengine walipiga honi mara moja, na mtoto asipotokea, basi hilo likaondoka. Orval alipiga mara tatu, na kati ya honi na honi alitulia kiasi cha mtu kuvaa buti moja. Nyumbani kwa kina Lorna hakukuwa na mtu wa kuwaamsha watoto. Kama Orval angekuwa dereva wa honi moja, Lorna asingejua kusoma hata hiyo kalenda.

Mchana aliweka boga kwenye kila meza, akayavisha maboga hayo miwani ya zamani iliyosahauliwa na wenyewe. Orval alikuwa meza ya dirishani na mkewe. Bi Ardis alikuwa ameanza kupotelewa na mambo. Siku nyingine alijua kwamba huyu ni mumewe wa miaka hamsini na tisa, siku nyingine alimwona ni mgeni tu, lakini mgeni anayempendeza.

"Yule kijana ana masikio mazuri," alimnong'oneza Lorna.

"Kweli, Bi Ardis."

"Ameoa?"

"Nasikia ameoa."

"Ah, basi tena."

Mhudumu wa chakula, Cody, alifika na sinia la pai ya boga na kishikwambi chake. "Pai, Bwana Orval?"

"Ah, hapana, asante. Niko sawa."

"Haya." Cody akagusa kioo cha kishikwambi kuandika kwamba amekataa, akaondoka na kile kipande.

Lorna alikuwa akirekebisha miwani ya boga. Akaona macho ya Orval yakikifuata kipande kile meza kwa meza, mpaka mlango wa jikoni ulipoacha kupepea.

Siku ya pili, ya paka mweusi, alibandika paka wa karatasi kwenye viti vyote, na Bi Hjordis wa meza ya dirishani akadai wa kwake aongezewe masharubu. Chakula kilikuwa nyama ya kusaga iliyookwa na viazi kwenye sinia. Cody akauliza, Orval akasema hapana asante, sahani ikaenda, macho yakaifuata. Bi Hjordis yeye alisema ndiyo palepale, kisha akaona haya, kama mtu aliyepiga chafya katikati ya sala.

Hapo ndipo Lorna aliposimama na paka mkononi. Kwa miaka mitatu alikuwa akikifagia chumba hiki wazee wakishaondoka. Hakuwahi kuwamo wakati wa kupakua. Kwa bibi yake, na kwa kila mtu aliyemjua tangu utoto, hakuna aliyepokea chakula mara ya kwanza. Hapana ya kwanza ilikuwa adabu. Ya pili ilikuwa kumpunguzia mwenye nyumba taabu. Ya tatu ndiyo ilikuwa jibu. Mavis, mpishi wa zamani, aliwauliza wazee mara tatu tatu maisha yake yote bila kujua kwamba anahesabu. Mavis alistaafu Agosti. Tangu hapo wakaja vijana wa kuuliza mara moja na kuandika. Wazee wengine walijifunza kusema ndiyo upesi, kwa aibu zao. Orval hakujifunza.

Alimfuata Renata ofisini.

"Mwulizeni mara tatu," alisema. "Atakula."

Renata aliweka kalamu chini. "Lorna, mtu mzima akisema hapana, ni hapana. Kule nilikotoka nimeona wazee wanashindiliwa vijiko mdomoni, 'kula, kula, kidogo tu.' Nikaapa kwamba mahali nitakapokuwa mimi, halitokei. Unanielewa?"

Lorna alimwelewa, na alimheshimu kwa hilo. Ndiyo maana alisema, "Sawa," akarudi kwenye ufagio. Alifika nusu ya ukumbi kabla ya kugundua kwamba na yeye amesema mara moja tu. Akajiona mjinga, lakini hakurudi. Kurudi kungekuwa kumsumbua mtu.

Jumatano, siku ya chokoleti, alikuja na masinia mawili ya keki aliyoioka mwenyewe alfajiri, keki ile ya kukatwa miraba kama inayoliwa kwenye ukumbi wa chini wa kanisa baada ya mazishi. Alitoa sinia moja, la pili akaliacha jikoni. Kwa kuwa alikatazwa kubembeleza, aliweka sahani katikati ya kila meza, akasogea na ufagio wake.

Meza ya dirishani walikula wote isipokuwa Orval. Alimsogezea sahani mkewe, akamsogezea Bi Hjordis, akawatazama wakila. Kikabaki kipande kimoja.

Watu wa Halvik hawali kipande cha mwisho. Bi Hjordis alikikata katikati, akachukua nusu. Baadaye kidogo Bi Ardis, ambaye asubuhi ile alikuwa amesahau jina la mji, akaikata ile nusu katikati bila kukosea. Bi Hjordis akakata tena. Kikabaki kitu cha ukubwa wa ukucha, kimekaa peke yake katikati ya sahani, na hapo kingekaa mpaka jioni.

Renata alipita na mafaili kwapani. "Hiki mmekiacha? Asanteni!" Akakitupia mdomoni.

Meza yote ikanyamaza. Meza ya pili nayo ikanyamaza. Cody alisimama na birika hewani.

"Nini?" Renata alitazama huku na huku, akitafuna. "Nimefanya nini? Kilikuwa cha mtu?"

"Hapana, hapana," alisema Bi Hjordis, uso umefungwa kama duka la Jumapili. "Si kitu. Umefanya vizuri kabisa."

"Amekula cha mwisho," alisema Bi Ardis kwa sauti ya chumba kizima.

"Sasa kama mlikuwa mnakitaka, si mngesema!"

Orval alikuwa anatazama chini, mabega yanacheka. Lorna akaegemeza ufagio ukutani. Hakuwa mtu wa kusema mbele ya watu.

"Renata, kaa."

"Niko kazini, mpenzi."

"Kaa kidogo tu."

"Lorna, nina—"

"Nakuomba, kaa."

Renata alikaa. Lorna akaenda jikoni, akarudi na kipande kizima kutoka kwenye sinia la pili. "Bwana Orval, kipande cha keki?"

"Ah, hapana, asante. Niko sawa."

Renata alifungua mdomo. Lorna akamwinulia kidole. "Nimeoka mwenyewe, Bwana Orval. Kidogo tu."

"Usijisumbue. Wape wengine."

"Wengine wamekula. Hiki kipo tu, kitaharibika."

Orval alikitazama kipande, akamtazama Lorna. "Basi, kama kitaharibika," alisema. "Kidogo tu."

Alikila mara mbili kikaisha. Kisha akalowanisha kidole, akaokota makombo moja moja.

Renata alikuwa amekaa kimya, jambo ambalo Halvik ilikuwa haijaliona. "Mzee," alisema hatimaye, "tangu Agosti ulikuwa na njaa?"

"Kidogo."

"Mbona hukusema?"

Orval alishangaa kweli. "Hakuna aliyeniuliza."

"Tumekuuliza kila siku! Asubuhi, mchana, jioni!"

"Mara moja," alisema Orval kwa upole, kama mtu asiyetaka kumtia mwenzake aibu. "Nikaona vijana wana kazi nyingi."

Renata aliziba uso kwa mafaili. Alipoyashusha, macho yalikuwa mekundu. "Hili lenu si jimbo," alisema, "ni kitendawili." Halafu akapaza sauti iliyosikika mpaka chumba cha kufulia. "Cody! Lete sinia lote!"

"Lakini hapana yake ya tatu," alimwambia Lorna pembeni, akimshika mkono, "hiyo nikiisikia, ni hapana."

"Hiyo ni hapana kweli," alisema Lorna.

Alhamisi ilikuwa siku ya uji wa shayiri. Renata aliupakua mwenyewe, amesimama mbele ya Orval na vidole hewani. "Uji? Moja."

"Hapana, asante."

"Uji? Mbili."

"Usijisumbue."

"Uji, tatu! Fikiri vizuri, mzee, nne hakuna."

"Basi, kidogo tu. Na shira ya sukari, kama ipo karibu."

Chumba kizima kilicheka, na Bi Hjordis akapiga meza kwa kijiko. Bakuli mbili ziliisha. Ijumaa, wakati wa peremende za rangi tatu zilizochongwa kama punje za mahindi, Cody naye alikuwa anauliza mara tatu kila meza na kusahau kuandika.

Jumamosi theluji ya kwanza ilikuwa imeanguka. Malori ya mwisho ya viazisukari, vile vya kutengenezea sukari, yalipita barabarani yakidondosha tope. Orval alipanda kwenye mizani amevaa soksi, mikono ameishika nyuma. Lorna alisimama mlangoni na ndoo yenye maji yaliyokwisha kupoa. Bi Ardis alikuwa amekaa kwenye kiti cha ukutani, mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri basi.

Renata alisoma mizani. Akamshusha Orval, akampandisha tena, akasoma.

"Ratili mbili," alisema. "Zimeongezeka." Kisha akapiga yowe, akamkumbatia mzee, naye akasimama wima kama mti wa simu, hajui aweke wapi mikono.

"Si mbaya," alisema Orval.

Lorna alijua kwamba kwa mtu kama Orval hiyo ni ngoma na vigelegele. Alimwaga maji yake yaliyopoa, akajiinamia juu ya sinki kwa muda, akamshukuru Mungu, akamshukuru na Bi Judith kwa mguu wake, akaona vibaya kwa hilo la pili, lakini hakulifuta.

Karatasi ya siku ile ilisema ni siku ya mchezo wa kubisha hodi. Mchana meza zote zilikuwa zikigongwa. Orval alingoja zamu yake. Akagonga mezani mbele ya mkewe.

"Hodi!"

"Nani?" aliuliza Bi Ardis, na hakuna aliyejua kama anacheza au anauliza.

"Orval."

"Orval yupi?"

"Wa basi."

Bi Ardis alimtazama kwa muda mrefu, masikio yale, shavu lile lililoanza kurudi. "Umechelewa," alisema. "Ingia." Akamshika mkono, hakuuachia tena chakula chote.

Walikula miraba ya keki ya boga siku hiyo, na kama kawaida kikabaki kipande kimoja. Bi Hjordis alishika kisu. Orval akamzuia, akaisukuma sahani taratibu, ikapita mbele ya Renata, ikafika mahali Lorna alipokuwa amesimama na ufagio wake.

"Lorna. Buti zote mbili umevaa leo?"

"Zote mbili, Bwana Orval."

"Basi chukua hiki."

Kizima. Hakuna aliyekikata. Lorna akatikisa kichwa.

"Hapana, asante. Niko sawa."

"Ni kidogo."

"Msijisumbue. Ni cha mwisho."

Chini ya meza, Renata alikuwa ameinua vidole viwili, anahesabu. Orval alitulia kiasi kilekile cha zamani, bila haraka, akitazama theluji dirishani, kama mtu ambaye ana muda wote wa asubuhi na injini inanguruma.

"Chukua," alisema mara ya tatu.

"Basi," alisema Lorna, "kidogo tu." Akaegemeza ufagio, akakaa nao mezani, akakila chote.