Friji Iliyotupwa Mbali

Mchana wa juzi Nakijwa Mshana aliota ndoto, akiwa amesinzia kwenye kiti cha plastiki ndani ya karakana yake ya kutengeneza friji. Siku tatu nzima alikuwa hajapata usingizi wa maana, na sababu ilikuwa karatasi.

Karatasi yenyewe ilihusu korongo. Kampuni moja ya mjini ilikuwa imeomba kijiji chao, huko juu kwenye milima ya Upare, kiiruhusu kutupa friji mbovu kutoka Ulaya ndani ya korongo lililo juu ya chemchemi. Ikikubaliwa, ingeezeka upya paa la shule. Wajumbe wanne walikuwa wameshasaini. Nakijwa alikuwa wa tano na wa mwisho, na kikao kilipangwa saa kumi jioni. Kijiji kizima yeye peke yake ndiye aliyejua kilichomo tumboni mwa friji: gesi na mafuta, vitu ambavyo hutaki vikutane na maji ya kunywa. Binti yake, Nanzia, alikunywa maji ya chemchemi ile. Lakini Nanzia huyo huyo alinyeshewa darasani.

Basi aliota hivi.

Mwenyekiti wa kijiji, Mrutu, anapita na kipaza sauti akitangaza kwamba dunia imekuwa kijiji.

"Tangu lini?" Nakijwa anamuuliza.

"Tangu saa nne asubuhi. Njoo mkutanoni, Mama Nanzia. Uje na kiti, kama unaruhusiwa kukaa."

Nakijwa anatoka nje na kukuta ni kweli. Dunia yote ni mteremko mmoja. Juu ziko nchi zilizoendelea, na kwa kuwa zilishaendelea zikafika, zimekaa kwenye sofa. Chini ziko nchi zinazoendelea. Hizo zinatembea, na mizigo kichwani. Mojawapo ikisimama kufuta jasho, askari anapuliza filimbi.

"Zinaendelea kwenda wapi?" Nakijwa anamuuliza askari.

"Kule walikofika wale."

"Na kukiwa kumejaa?"

Askari anatazama saa yake. "Endelea, mama."

Kwenye benchi la mkutano kuna jitu nene lisilo na rangi, limechukua nafasi ya watu sita. Nakijwa analiomba lisogee kidogo.

"Siwezi," linasema kwa adabu. "Naitwa Hewa Ukaa. Nikifika, nakaa."

"Umetoka wapi?"

"Nyumba za juu. Walinizaa wao, wakaniambia huku chini kuna nafasi."

"Utakaa mpaka lini?"

"Hata wajukuu zako watanikuta."

Nakijwa anaona hakuna haja ya kubishana na mtu aliye wazi kiasi hicho. Anabaki amesimama.

Ndipo friji nyeupe anateremka mlimani, hatua moja moja, kama mtu mwenye maumivu ya nyonga.

"Shikamoo, fundi," anasema.

"Marahaba. Unamtafuta nani?"

"Natafuta korongo. Nimeambiwa nije nife hapa."

"Una tatizo gani?"

"Sijui. Hakuna aliyeniuliza."

Nyuma yake wako wengine, mstari mrefu unaopotea mawinguni, na wote wanauliza korongo liko wapi. Tumbo la yule wa kwanza linaunguruma. Chini yake, chemchemini, Nanzia amechutama na kikombe.

"Hapa huwezi kufia," Nakijwa anasema.

"Basi nirudishe. Ila fanya haraka, fundi, maana nataka kutapika."

Nakijwa anajitwisha friji mgongoni kwa kanga na kuanza kupanda. Mgongo unamwaka moto. Juu anafika forodhani, penye milango miwili. Ule wa mizigo inayoteremka ni mpana kama uwanja, na hauna kitasa. Wa watu wanaopanda unatosha kupitisha kidole. Mezani amekaa muhuri, amevaa miwani.

"Viza," muhuri anasema.

"Huyu ameshuka bila viza."

"Mizigo haina viza."

"Basi nipandishe mimi kama mzigo."

Muhuri anafungua kitabu cha sheria na kusoma kwa muda mrefu. "Mizigo inayopanda lazima iwe mizima. Kahawa, mbao, samaki. Wewe ni mzima?"

"Ni mzima."

"Una ubora?"

Hili Nakijwa hajawahi kuulizwa. Anafikiri kidogo. "Ninao," anasema.

Muhuri anaruka na kumgonga kwenye paji la uso: DARAJA LA KWANZA. "Na hii friji?"

"Ni kifungashio changu."

"Ingia ndani, basi. Usipumue sana."

Anaingia ndani ya friji, mlango unafungwa, na ukifunguka tena yuko jikoni kwa mtu. Nje ya dirisha theluji inaanguka. Mzee mmoja mwembamba, jina lake Anselm, anakula mkate akiwa amesimama.

"Hodi humu," Nakijwa anasema akitoka kwenye friji. "Nimekurudishia friji yako, mzee."

"Nilishaitupa."

"Uliitupa wapi?"

"Mbali."

"Mbali ndiko ninakoishi mimi."

Mzee Anselm anaweka mkate mezani na kwenda kwenye ramani ya ukutani. Anaitafuta Mbali kwa kidole, na anaipata. Ina chemchemi. Ina shule yenye paa lililotoboka. Ina mtoto mwenye kikombe mkononi, anayemtazama.

"Sikujua pana watu," anasema polepole. "Waliniambia ni mbali, basi."

Papo hapo kipaza sauti cha Mrutu kinasikika barabarani, kwenye theluji: "Tangazo! Kwa kuwa dunia imekuwa kijiji, Mbali imefutwa. Mtu yeyote asitupe kitu mbali, kwa maana mahali hapo hapapo!"

"Sasa nitaiweka wapi?" mzee anauliza.

"Pale ilipokuwa."

"Lakini ni mbovu, mwanangu."

Nakijwa anapiga magoti. Anabana kipande cha karatasi kwenye mlango, anakivuta, kinatoka bila kushikwa. "Mpira wa mlango umelegea," anasema. "Baridi inatoka. Chemsha maji."

Mzee anachemsha maji. Nakijwa anachovya kitambaa, anaukanda mpira mpaka unalainika, anaunyoosha kona kwa kona. Akifunga mlango, unabana. Friji anatulia, kisha anaanza kunguruma taratibu, kama mgonjwa aliyepata usingizi.

"Ni hicho tu?" mzee anauliza.

"Ni hicho tu."

"Miaka mitatu nimetafuta fundi. Kila mtu aliniambia ninunue nyingine." Macho yake yamelowa. Anamwomba namba ya simu, na Nakijwa anamwandikia kiganjani.

Dirishani friji wengine wanapita kimya kimya, kila mmoja akitafuta nyumba yake. Nakijwa anacheka, kwa mara ya kwanza tangu ile karatasi ifike kijijini.

Simu ikamwamsha. Alikuwa mwenyekiti Mrutu, wa kweli, bila kipaza sauti.

"Mama Nanzia, saa kumi na robo. Tunakusubiri wewe tu."

"Nakuja, mwenyekiti. Lakini sisaini." Alishangaa jinsi maneno yalivyotoka kirahisi. "Nitawaeleza kilichomo ndani ya zile friji, kimoja kimoja. Paa tutalitafutia njia nyingine, hata kama ni kuanza na bati kumi."

Mwenyekiti akashusha pumzi ndefu.

"Afadhali," alisema.

"Afadhali nini?"

"Wale wengine walisaini kwa kuwa waliona mimi nimesaini. Tangu siku hiyo chakula hakipiti. Njoo uwaambie, mama. Sahihi yangu naifuta mbele yao."

Nakijwa alikaa kidogo, mikono magotini, akisikia mabega yake yakilegea. Akanawa uso, akavaa viatu. Alipotaka kuitia simu mkobani aliona ujumbe, kutoka namba ya nchi asiyoijua. Ulikuwa umeingia saa tisa na nusu.

"Fundi, barafu imeshika. Jirani anauliza kama unatengeneza na pasi."

Aliusoma mara mbili. Akajibu kwamba anatengeneza, akaenda kikaoni.