Skrubu za Upande wa Upepo

Baba yetu, Orval, alikuwa na amri moja tu kuhusu hema letu la kuvulia samaki juu ya barafu, na alitupigia kelele nayo tangu hatujaota meno ya pili: ukifunga, anza na skrubu za upande upepo unakotoka; ukifungua, hizo ziwe za mwisho. Mengine yote, pamoja na sala, alimwachia Mama.

Jumamosi ile ziwa la Mille Lacs lilikuwa limeganda, tupu kama sahani iliyolambwa. Mvua ya Januari ilikuwa imekula theluji yote, kwa hiyo hatukuwa na cha kurundika kwenye pindo za hema. Tulikuwa na skrubu sita za kulikaza hema kwenye barafu, kamba sita, na upepo wa kaskazini-magharibi uliokuwa ukilitandika turubai makofi tangu asubuhi. Hatua mia mbili upande ulikoelekea upepo huo, barafu ilikuwa imepasuka na kusukumana. Palikuwa na tuta la vipande, na nyuma ya tuta maji meusi, mapana kama barabara.

Samaki waligoma. Kaka yangu Verlyn akataka tusogee hatua thelathini.

"Basi tukunje hema," nikasema.

"Tukunje ya nini? Tunalisukuma likiwa limesimama, kama kila mtu."

Ni kweli, ziwani kila mtu hufanya hivyo, siku isiyo na upepo. Nikamwambia Baba atoke kwanza. Alikuwa ndani, amekalia ndoo yake iliyopinduliwa, na nyonga yake ya chuma, hita ya gesi ikiwaka miguuni.

"Sitoki," akajibu. "Nitatembea humuhumu. Nikikaa huko nje makalio yatagandia ziwani."

"Umemsikia mzee," Verlyn akasema. "Wewe Arlys tangu uhamie Minneapolis unaogopa hata feni. Kakae kwenye gari basi, tutakuletea kahawa."

Nina hasira za karibu, na sijivunii. Nilitaka kumwonyesha kwamba mikono yangu bado inajua kazi. Yeye alikuwa ameshapiga magoti upande wa pili, anafungua polepole, sahihi kabisa. Mimi nikapiga magoti palepale niliposimama, nikazungusha skrubu ya kwanza, nikaing'oa. Nikaing'oa na ya pili. Nilikuwa bado namtukana kimoyomoyo nilipogundua kwamba upepo unanipiga mgongoni.

Pindo likanyanyuka. Hema likajaa, skrubu zilizobaki zikachomoka kwenye barafu kwa mlio wa risasi, moja ikapita karibu na sikio langu. Kisha hema likaondoka na Baba ndani.

Verlyn alidaka kamba. Ilimwangusha kifudifudi ikamburura. Nilisikia meno yake yakigonga barafu. Hakuachia. Uzito wake ulipunguza mwendo kidogo, na hicho kidogo ndicho kilichonipa nafasi, maana viatu vyangu vilikuwa na meno ya chuma. Nilikimbia. Ndani Baba alikuwa akipiga mayowe ambayo sikuwahi kuyasikia kwake, anabiringika, hita inabiringika naye, halafu turubai likashika moto.

Kamba ikamponyoka Verlyn. Hema likagonga tuta, likapanda, likainama upande wa maji. Nikachomoa kisu cha samaki, nikalichana bila kujua Baba yuko upande gani. Kisu kilimkata bega, sikusimama. Nikamkamata ukosi nikamvuta, miguu yake imo majini hadi magotini na ndevu zinafuka moshi. Alinipiga ngumi ya mdomo, hakujua ni nani. Nikamvuta tena, safari hii akaja. Hema likatumbukia, likaelea kidogo likiwaka, likazama.

Verlyn akafika akitambaa. Kamba ilikuwa imemchuna viganja hadi nyama, na meno mawili ya mbele hayakuwepo. Akavua koti lake akamfunika Baba.

Baba akamwangalia. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umekunjika mahali pasipo na kiwiko. Wa kulia ulikuwa mzima, nao ndio aliompigia Verlyn usoni, mara moja, halafu mara ya pili, juu ya damu ileile.

"Mpumbavu," akasema. "Miaka arobaini nakufundisha. Za upande wa upepo ni za mwisho. Mtoto wa miaka sita anajua hilo."

Verlyn hakujikinga. Aligeuza uso akanitazama mimi. Hakuwa na hasira, alikuwa anangoja. Aliona ni nani alikuwa upande wa upepo. Nafasi nilikuwa nayo, tena kubwa. Maneno yenyewe yalikuwa matatu tu: ni mimi, Baba. Nilikuwa nayo mdomoni pamoja na damu, na niliogopa mkono ule wa kulia kuliko nilivyoyaogopa maji.

"Usinikaribie tena kwenye barafu," Baba akamwambia. "Wala nyumbani kwangu usikanyage."

Nikainama, nikaanza kufungua kamba za viatu vya Baba vilivyolowa.

"Verlyn," nikasema, "kalete gari."

Akaenda.