Nikirudi Tutafungua

Asubuhi ambayo fundi wa mizani alirudi kazini baada ya msiba, mkewe alikuwa uani akipangusa viti vya kuazima kabla havijarudishwa kwa wenyewe. Alimwona akitoka na begi begani na lile sanduku lake la mbao lenye mawe ya kupimia, zito kiasi cha kumfanya aende upande upande kama aliyevaa kiatu kimoja. Kazi yake ilikuwa kuzunguka kwenye maghala, zahanati na masoko ya miji mingine, kuangalia kama kilo ya huko ni kilo kweli. Zamani alisafiri mara chache kwa mwaka, tena kwa manung'uniko. Safari hii aliiomba mwenyewe.

Mkewe alimuuliza habari ya chumba cha mtoto. Nguo zilikuwa mlemle, godoro halijatolewa juani, na wifi alikwisha kusema kwamba vitu vya marehemu havikai muda mrefu.

"Usikiguse peke yako," fundi alisema. "Nikirudi tutafungua."

Mkewe hakuona ubaya. Ndivyo walivyoishi tangu waoane: kitu cha wawili hakiguswi na mmoja. Redio yao ilipoharibika ilikaa kimya juu ya kabati msimu mzima wa mvua, mpaka walipokuwapo wote wawili ndipo bisibisi ikashikwa. Watu waliwacheka, wao wakaona ndiyo ndoa yenyewe. Kwa hiyo mke alifunga mlango, akautia ufunguo kwenye kopo la vifungo, akaendelea na viti.

Mtoto aliitwa Chiriku na kila mtu, kwa sababu alikuwa akiongea tangu anapoamka mpaka usingizi unamkatiza katikati ya neno. Homa ilimchukua upesi. Kitandani kwake lilibaki gauni ambalo mama yake, mshonaji wa nguo, alikuwa akimshonea. Lilikuwa limebaki pindo tu.

Fundi wa mizani alirudi na visabuni vya gesti na habari nyingi. Alikula vizuri, akasimulia juu ya soko ambamo wauza samaki wote wana mkono mmoja mzito, akalala. Mkewe alipoamka amtajie chumba, alimkuta ameshavaa viatu. Kulikuwa na zahanati iliyokuwa inapima watoto wachanga kwa mizani mbovu, na hilo haliwezi kungoja.

Siku hiyohiyo mke alipofagia korido aliona kazi imekuwa ndefu. Korido yao ilikuwa fupi: ukitoka sebuleni, chumba chao kushoto, bafu kulia, mwisho mlango wa Chiriku. Sasa kati ya bafu na mlango wa Chiriku palikuwa na kipande cha ukuta ambacho jana hakikuwapo. Kilipakwa rangi ileile, ila chini kulikuwa na saruji tupu isiyo na vigae. Alichukua utepe wake wa kushonea akapima. Kingekuwa kitambaa, kingetosha magauni mawili ya mtu mzima, na shati. Alifagia na hapo pia.

Ikawa hivyo kila fundi alipoondoka. Begi likitoka mlangoni, korido inaongezeka huku ndani. Nje nyumba haikubadilika; jirani wa nyuma aliendelea kuanika nguo palepale. Dirisha la Chiriku nalo lilionekana mahali pake, lakini lilikuwa na nondo, na hata hivyo mtu haingii chumbani kwa mwanawe kupitia dirishani.

Fundi vigae aliitwa. Alipiga magoti, akagonga saruji kwa kidole, akauliza swali moja tu, kama rangi iwe ileile. Alifanya kazi mpaka mchana, akarudi baada ya safari nyingine ya fundi wa mizani, akakuta pamesogea.

"Mama Chiriku, nyumba yako inakwenda," alisema. "Mzee akisafiri nitumie salamu, nije niongezee. Usingoje pawe parefu, mgongo wangu huu si wa serikali."

Tangu hapo alikuwa na siku zake. Mke naye alikuwa na zake: kila alipomaliza kushona alikwenda mpaka mlangoni kwa Chiriku, akasimama, akapangusa kitasa, akarudi. Mwanzoni alikwenda huku wali uko jikoni. Baadaye ilimbidi auepue kwanza. Baadaye tena alibeba maji ya kunywa.

Fundi wa mizani kwa upande wake aliona barabara zimekuwa nzuri. Mji ambao zamani alifika ameumwa kiuno, sasa alifika kabla hajamaliza kumenya chungwa alilonunua kituoni. Aliyasema hayo mezani kwa furaha. Mkewe alimwambia kwamba ule urefu haujapotea, umehamia humu ndani, na kwamba yeye anayejua mizani angepaswa kulijua hilo kuliko mtu yeyote. Fundi aliitikia kwa kichwa. Alikubali kwamba kinachopungua sahani hii kinaongezeka ile. Kisha akaomba chumvi.

Hakuwa mtu mbaya. Kazini walimwonea wivu, wakamwita Ramani, na wenzake wenye watoto wadogo walimshukuru kwa kuwachukulia safari zao. Kwenye gesti alilala usingizi mzito, katika vyumba visivyo na kitu cha mtu yeyote. Siku moja mama mwenye gesti, akimwekea chai, alimuuliza ana watoto wangapi.

"Mmoja," alisema. "Yuko nyumbani. Anaongea huyo, utakimbia."

Mama yule alicheka, naye akamsimulia maneno ya Chiriku mpaka chai ikapoa. Hakuona kama amesema uongo. Akiwa mbali, nyumbani kulikuwa na kila mtu.

Dada yake, yaani wifi, ndiye aliyemtetea. Alikuja mara kwa mara na mboga, akakaa jikoni na miguu yake juu ya kigoda, akasema mwanamume hakai nyumbani kama chungu, na kwamba kaka yake anatafuta.

"Anatafuta nini, wifi?"

Wifi alimaliza chai yake. "Kila mtu na kilio chake," alisema. "Wengine hulia kwa miguu."

"Basi na mimi nalia kwa miguu. Vua viatu hivyo nikuonyeshe ninapolilia."

Waliondoka pamoja. Wifi alianza kwa mikogo, akasema safari ni hatua, akaimba kidogo. Walipopita mahali ambapo vigae vya zamani vinakutana na vipya alinyamaza. Mbele kidogo alikaa chini na kuegemea ukuta, akajipepea kwa kanga.

"Nyumba gani hii ya kutembelea na maji," alisema. Baada ya kupumzika aliongeza kwamba atasema na kaka yake, na kwamba asiyekuwapo na lake halipo, hata awe nani. Walirudi. Siku zilizofuata alikuja na ndala.

Alisema naye kweli. Fundi wa mizani aliporudi, dada yake alimpokea mlangoni, akampokonya begi, akalikalia. Mkewe hakuinua sauti. Alimwambia wakati anamkunjulia taulo.

"Safari hii usiende kokote. Twende kwa mtoto."

Fundi alikubali. Alikubali kwa urahisi hata dada yake akamtazama mara mbili. Asubuhi alipanga vitu mwenyewe, na hapo mkewe alikiri moyoni kwamba mume wake anajua kusafiri. Alikunja vitambaa bila kuacha nafasi ya hewa, akafunga mikate kwa namna ambayo haipondeki, akachukua soksi za akiba. Mke alichukua ufunguo na sindano na uzi wa rangi ya lile gauni.

Walikwenda vizuri. Fundi alijua kupumzika kabla ya kuchoka, na alijua hadithi za kusimulia mahali pasipo na cha kutazama. Alimwigiza karani wa ghala anayepima gunia huku akiliegemea kwa tumbo. Mkewe alicheka mpaka akashika ukuta. Hakuwa amecheka hivyo tangu Chiriku alipokuwa hai, na akakumbuka kwa nini aliwahi kumpenda mtu huyu, akatamani korido iwe ndefu zaidi kidogo, kisha akajilaumu. Walikula wamekaa sakafuni, miguu imenyooka, mabega yamegusana. Fundi alisifu kazi ya vigae. Alisema hajapata kuona mahali patulivu namna hii katika miji yote aliyofika.

Walipouona mlango, jua lilikuwa bado juu huko nje. Ulikuwa na karatasi aliyoibandika Chiriku, picha ya kuku mwenye miguu minne. Aliwahi kueleza kwamba miwili ni michache kwa mnyama anayefukuzwa na kila mtu. Fundi alipunguza mwendo. Aliutazama ukuta kama anayesoma kitu. Aliuliza kama ufunguo umekuja.

"Huu hapa," mkewe alisema. "Shika wewe."

Aliushika. Aliulaza kiganjani, akaupandisha na kuushusha kidogo, kama alivyofanya na kila kitu alichopewa, hata kijiko. Kisha akaurudisha mkononi mwa mkewe na kuvifunga vidole vyake juu yake.

"Kuna ghala linaningoja," alisema. "Nikirudi tutafungua."

"Ukirudi kutoka wapi, Baba Chiriku? Hapa ndipo."

Fundi alimtazama yule kuku.

"Tukifungua atakuwa hayumo," alisema.

"Hayumo."

"Kwako hayumo. Mimi nikiwa njiani yumo. Nikiwa kwenye basi namsikia kabisa, anamuuliza mama yake baba atakuja na nini."

Mkewe alisema kwamba na yeye angependa kumsikia. Alisema anasimama mlangoni hapa kila siku na hasikii kitu, na kwamba kama kuna sauti imebaki ya mtoto wao, basi imebebwa yote kwenye begi la mtu mmoja, na hiyo si haki kwa kitu cha wawili. Hakulia. Alilisema kama mteja anayerudisha nguo iliyokatwa vibaya.

Fundi alikubali kwamba si haki. Aliacha maji yote na mikate iliyobaki, akamfunika mabega kwa koti lake, akaondoka. Alikwenda kwa ule mwendo mwepesi wa mtu anayewahi usafiri. Baada ya muda mfupi hakuonekana.

Mke alikaa chini, mgongo mlangoni. Alijua begi litakapotoka nyumbani korido itaongezeka, na ikaongezeka. Aliona vigae vya mwisho vinasogea mbali naye taratibu, na saruji mpya inatokea katikati bila kelele wala vumbi. Lakini safari hii yeye alikuwa upande wa mlango. Hakuachwa na mlango, alikwenda nao. Akapiga hesabu ya kurudi, akaona kwamba akifika sebuleni atakuwa amefika kwa ajili ya kugeuka tu. Kwa hiyo akabaki.

Wifi alimfuata na ndala zake, akachoka, akalala njiani, akafika. Alimwambia afungue tu, yamekwisha, nani atamuuliza. Mke alijibu kwamba neno lilikuwa la wawili. Wifi alitukana kidogo, ingawa si kumtukana yeye, kisha akarudi kumwita fundi vigae. Wakamletea cherehani kwa toroli, na kitanda, na jiko dogo, na sufuria mbili.

Wateja walilalamika mwanzoni. Mama mmoja alikuja kupimwa gauni la harusi, akafika amepungua, ikabidi kipimo kirudiwe akishakula. Lakini mkono wa mshonaji ni mkono wa mshonaji, na wengi walizoea. Huja wawili wawili wakipiga soga, na wakifika huketi chini ya yule kuku wa miguu minne na kuvua viatu. Hakuna anayeuliza mlango huo ni wa wapi. Wanajua.

Barabara za nje zimekuwa fupi mno. Fundi wa mizani sasa anaweza kukagua miji mitatu kabla ya chakula cha mchana, na wakubwa wake wamempa cheo. Visabuni analeta bado. Dada yake anavipanga bafuni. Akirudi hukuta chakula kimefunikwa, hula, huoga, hubadilisha nguo. Kabla ya kwenda kulala husimama mwanzo wa korido, mikono nyuma, na kusema "hodi" humo nyumbani mwake, kwa sauti ya kawaida, bila kupaza.

Sauti hiyo huenda kwa mwendo wake. Hupita bafu, hupita vigae vya zamani na vipya, na humfikia mkewe kesho yake asubuhi, wakati fundi yuko kwenye basi. Mke husimamisha cherehani, huitikia "karibu," kisha huendelea kushona.