Nibakizie Kidogo

Fundi cherehani hakuwa na simile kwa wateja walionenepa baada ya kupimwa. "Nguo nimeshakata! Rudisha mwili!" aliwafokea.

Sasa yeye mwenyewe alikuwa ameondolewa titi lenye saratani, majimaji yakajaa chini ya kovu, naye akajishonea gauni la harusi ya bintiye kwa kufuata uvimbe huo. Nesi alipoleta sindano ya kuyanyonya, fundi akamsihi, "Nibakizie kidogo, mwanangu. Gauni nimeshakata."

"Mama, nayatoa yote. Na huenda yakajaa tena."

Nyumbani gauni likampwaya upande mmoja. Fundi akashika kiuno mbele ya kioo.

"Wewe nawe! Si nilikupima juzi tu?"

Kisha akalifumua ubavuni, akatia kamba ya kukaza na kulegeza, maana mteja mwenyewe haaminiki.