Vifungo vya Mzee Wekoye

Watu wakiniuliza kwa nini niliacha udresa, ile kazi ya kuwasaidia madaktari, huwaambia mshahara ulikuwa mdogo. Uongo. Mshahara ulikuwa mdogo kweli, lakini si huo ulionitoa. Nilitolewa na shati la baba mkwe wangu.

Ilikuwa mwaka wa arobaini na nne, ndui imeingia Kitale. Madereva wa malori ndio walioshukiwa, na si bure, maana leo wako Kitale, kesho Bungoma, keshokutwa Kisumu, na kote huko wanakula na kulala na watu. Ikatoka amri kwamba kila dereva anayekuja kupakia mahindi kwenye stoo apimwe langoni, ndipo apewe pasi ya kuendelea na safari. Madresa wa langoni tulikuwa wawili: mimi, Mukhisa, na Mnandi mmoja aliyenizidi umri, jina lake Kiplimo.

Kupima kwenyewe hakukutaka akili nyingi. Dereva anavua shati. Unaangalia alama ya chanjo begani, unaangalia mikono, kifua na mgongo kama kuna vipele, halafu unamwekea kipimajoto kwapani. Mwenye joto au kipele haendi popote, anapelekwa kambi ya wagonjwa. Dawa ya chanjo ilikuwa imetuishia, tunangoja nyingine ije na gari la moshi, kwa hiyo macho yetu ndiyo yalikuwa kinga pekee. Na mimi nilikuwa mkali, nakwambia. Dereva akinibembeleza, ati daktari si uniache leo, hii baridi itaniua, namwambia avue na suruali pia. Walinichukia. Sikujali.

Nyumbani Kibomet nilikuwa na mke wangu Nakhungu na binti yetu Agneta, miezi minane. Agneta hakuwa amechanjwa. Ndiyo, mtoto wa dresa. Chanjo ilipokuwepo alikuwa na malaria, nikasema angoje apone; alipopona, chupa zilikuwa tupu. Basi jirani wa nyumba ya tatu alipotokwa na ndui, nilichanganyikiwa. Nikamwambia Nakhungu afunge nguo, ampeleke mtoto kwao Bungoma, maana kijijini kwao ugonjwa ulikuwa haujafika. Baba yake, mzee Wekoye, alikuwa dereva wa lori la mahindi, na Alhamisi hiyo alikuwa anakuja stoo. Angewachukua wakati wa kurudi.

Alhamisi akaja. Alikuwa wa nne kwenye mstari wangu, amevaa shati la kaki la mikono mirefu, vifungo vyote vimefungwa mpaka shingoni.

Sasa, kwetu Wabukusu mtu na baba wa mke wake hawazoeani. Mnasalimiana kwa mbali, hamli sahani moja, na kumwona kifua wazi ni aibu ambayo ingefika Bungoma kabla ya lori. Haya hiyo tunaiita chisoni, na mimi nilikuwa nayo tele. Kiplimo alikuwa hatua kumi tu kutoka pale, kwenye mstari wa pili. Kiplimo, nipimie huyu mzee. Maneno manne, yamekwisha. Lakini madereva walikuwa wanatazama, nikaona nikimwita mwenzangu ni kama natangaza kwamba namshuku mkwe wangu. Ujinga mtupu.

"Umeamkaje, baba?" nikamwuliza.

"Nimeamka, daktari."

Hakuwa amewahi kuniita daktari hata siku moja. Akasimama mbele yangu. Mimi nikageuka, nikajifanya natafuta kalamu mezani. Niliandika pasi nikiwa nimempa mgongo, nikampitishia juu ya bega bila kumtazama.

"Kila kitu sawa, baba. Nakhungu na mtoto wanakungoja hapo barabarani."

Alikawia kuipokea. Nilifikiri anatafuta miwani.

"Hii kalatasi inasema mimi ni mzima?"

"Ndiyo, baba."

"Haya. Asante."

Niliwaona wakiondoka. Mzee alimpokea Agneta akampakata ili Nakhungu apande, na mtoto akashika kola ya lile shati la kaki kwa mkono wote. Nikafurahi, jamani. Nilijiona baba anayejua kulinda nyumba yake.

Wiki ya tatu, dereva mmoja wa njia hiyo, Bramwel, alikuwa amesimama mbele yangu kifua wazi, kipimajoto kwapani, akaniambia polepole kwamba mzee Wekoye alikuwa na ndui. Alianza kuugua siku ileile aliyofika nyumbani, Alhamisi jioni. "Na sasa mtoto pia," akasema, akatazama chini.

Niliomba ruhusa niende. Nikakataliwa: kijiji kile kilikuwa kimefungwa, hatoki mtu, haingii mtu. Mimi niliyewafungia wengine njia nikafungiwa. Agneta alizikwa bila mimi kuwepo, na habari nilizipata siku nne baadaye, palepale langoni.

Kijiji kilipofunguliwa nilikwenda. Nakhungu alikuwa uani anapepeta maharagwe, hakuinua uso. Mzee Wekoye alikuwa ameketi kwenye kigoda, amepona, uso umejaa mashimo ya ndui. Nilianza kusema maneno ya kuomba msamaha ambayo nilikuwa nimeyapanga njia nzima, akaninyamazisha kwa mkono.

"Siku ile nilikuwa na joto tangu nilipopita Ndalu njiani," akasema. "Na vipele viwili hapa, chini ya mkono wa shati. Nikasema, mkwe wangu ni daktari, ataona. Ulipogeuka kutafuta kalamu, mimi nilikuwa nimeshafungua vifungo vitatu."



"Mbona hukusema, baba?"

"Niseme nini tena? Chisoni yangu nilikuwa nimeimeza, nimefungua shati mbele ya mume wa binti yangu. Halafu ukanipa kalatasi. Nikajiambia huyu amesoma, akisema mimi ni mzima, basi ni joto ya injini tu. Nikafunga vifungo vyangu. Nikaenda kumpakata mtoto."



Mzee akasimama. Akaanza kufungua shati, kifungo kimoja kimoja, mchana kweupe, mbele yangu na mbele ya binti yake, akalivua lote akaliweka juu ya kigoda. Nakhungu aliacha kupepeta. Hakumtazama baba yake, alinitazama mimi.

"Haya," mzee akasema. "Sasa tazama."

Nilitamani sana kugeuka. Nikatazama mikono, nikatazama kifua, na alipogeuka mwenyewe nikatazama mgongo, vilevile nilivyokuwa nikiwatazama madereva wengine wote.